Mgeni Asiyesema Basi

Yaqoob bin Aflah alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja nyumbani wala ugenini: mgeni hasemi "basi" kwa mdomo. Mgeni akitosheka na kahawa hutikisa finjani kulia na kushoto, kidogo tu, na mwenye kushika dele, birika la kahawa, akaelewa. Anayesema "basi, ahsante" kamkata kauli mwenye nyumba. Na anayeziba finjani kwa kiganja, huyo Yaqoob hata tusi la kumtosha hakupata kuliona.

Wapo watu walioishi kwa masharti mazito kuliko hilo. Wapo wasiosema uongo, wapo wasiosengenya, wapo wasiogusa haki ya yatima. Yaqoob hakutaka kujitwika mizigo yote hiyo kwa pamoja. Alichagua finjani, na kwenye finjani hakuwa na mshindani baina ya Ibra na Sur, huko Omani.

Aliondoka Unguja angali mdogo, akakulia Ibra, akafanya kazi katika idara moja ya serikali ambako, kwa maelezo yake mwenyewe, hapakwenda kitu bila ya yeye. Alipostaafu pakaendelea kwenda vilevile, jambo ambalo hakulisamehe. Kuanzia hapo kazi yake ikawa adabu za watu wengine. Mpwa wake ana kambi ya watalii huko Mintirib, ukingoni mwa michanga ya jangwa, na siku moja Yaqoob alimkuta Mzungu mmoja kakaa juu ya zulia, kafunika finjani kwa mkono na huku anatabasamu. Alimsomea somo refu kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili ili lieleweke zaidi. Mzungu alidhani anaghaniwa mashairi, akapiga makofi.

Hayo yalikuwa ya kuchekesha. La Shurooq halikuchekesha. Shurooq ndiye binti yake mkubwa. Kijana mmoja wa Nizwa, mhandisi, mwenye kazi, nyumba na sala zake tano, alikuja kumposa. Kahawa ikamiminwa. Kijana akanywa, akaweka mkono kifuani, akasema, "Basi, ahsante, mzee wangu." Posa ikafia pale pale kwenye zulia. Shurooq akaja kuolewa na mtu anayetikisa finjani kama aliyezaliwa nayo, na ambaye mpaka leo hajaonekana kufanya jambo jengine lolote vizuri.

Basi mkewe, Bi Mahbouba, alijua wapi mambo yanakwenda pale binti mdogo, Tahani, alipopiga simu kutoka Japani.

Tahani alikuwa kaskazini ya nchi hiyo, katika mji wa Morioka, akisoma ukaushaji wa vyakula: namna gani tende na samaki wakaushwe bila ya kuuliwa ladha yao. Alikuwa anamaliza shahada ya pili. Mwalimu wake, Profesa Oikawa, alikuwa na nafasi moja ya shahada ya tatu, ya udaktari, na katika wanafunzi wake wote alimtaka Tahani. Tahani alimtaka pia. Alichokosa ni ridhaa ya baba yake.

"Siwezi kukuambia ukae na watu ambao sijui wanavyomkirimu mgeni," Yaqoob alimwambia. "Mimi mtu namjua akinilisha. Nitakuja. Nitakula. Nitatazama. Halafu nitasema."

"Kwa hiyo mtoto asome asisome, kazi ya tumbo lako?" aliuliza Bi Mahbouba simu ilipokatwa.

"Ni kazi ya adabu, Bibi."

"Alhamdulillahi. Nilidhani itakuwa kazi ya akili zake."

Wakasafiri, mume na mke. Tahani akawapokea Tokyo. Yeye ndiye aliyewaongoza, kwani alikwishajua mchuzi upi umetiwa divai ya mchele na upi haukutiwa, na mkahawa upi ukiuliza hawakasiriki. Kila jioni Yaqoob alituma sauti kwenye kundi la simu la jamaa, watu wa Ibra, Sur na Nizwa, akiwaelekeza msafiri ale wapi na ale nini Japani. Hakuna aliyekuwa kamwomba.

Somo la kwanza lilihusu tambi za stesheni. Kuna vibanda ndani ya stesheni za treni ambapo mtu anaagiza bakuli la tambi za moto, analimaliza, anaondoka, na kiti hakuna. "Jamaa, msile stesheni," Yaqoob alisema kwa huzuni. "Wanakula wamesimama, kama farasi." Hakueleza kwamba Bi Mahbouba alilikalisha sanduku lake chini, akakaa juu yake, akala bakuli lake mpaka tone la mwisho, na muuzaji akatoka ndani kuja kumtazama kwa furaha.

Somo la pili lilihusu samaki mbichi. Walikwenda pahala ambapo sahani zinapita mbele ya wateja juu ya mkanda unaozunguka, kila sahani na vipande vyake viwili, na mtu huchukua anachokitaka. "Chakula kinampita mgeni mbele ya pua," Yaqoob aliwaambia jamaa, "na hakuna hata mmoja wa kumwambia karibu." Yeye alikula tango lililoviringishwa kwa wali na mwani, akasema mwani si kitu cha kutiwa mdomoni. Bi Mahbouba ni mtoto wa Sur. Alimchukua jodari, akamgeuza, akamnusa, akamla, akafumba macho.

"Huyu hajui hata kama kafa," alisema. "Lete mwengine."

Kaka yake, Soud, ambaye bado yuko Sur na hana kazi anayoipenda kuliko kumchokoza shemeji yake, akajibu mara moja: "Kula, dada, kula! Huyo shemeji mtafutie tende, mtu wa bara huyo, samaki kamjua akishatiwa chumvi!"

Somo la tatu lilikuwa Kyoto. Walikaa juu ya mikeka katika nyumba ya zamani yenye bustani, mbele yao pana chungu cha maji ya moto na ndani yake vipande vyeupe vilivyotengenezwa kwa maziwa ya soya. Yaqoob alingoja chakula kije. Alingoja kwa subira na heshima. Kilikuwa kimekwishakuja.

Hivyo alikuwa na ushauri mwingi juu ya wapi msafiri asile. Wapi ale, hilo Bi Mahbouba ndiye aliyelijua: ghorofa ya chini kabisa ya maduka makubwa, ambako vyakula vimepangwa kama dhahabu ya bibi harusi, vidonge vya wali vyenye samaki ndani, vinavyouzwa kila pembe ya njia, kiazi kitamu cha kuchoma, kimepasuka ngozi, asali inakitoka. Lakini hakuna aliyemuuliza, na yeye kinywa chake kilikuwa na kazi.

Tahani hakucheka sana siku zile. Kila baba yake alipotia kijiko chini alimtazama usoni, kama mtu anayesubiri jawabu la daktari.

Wakafika Morioka. Profesa Oikawa alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mvi, aliyeinama kuwaamkia hata Yaqoob akadhani kaangusha kitu. Aliwaalika kwenye chakula ambacho mji ule unajulikana kwacho. Ni tambi za ngano nyeusi, zinaletwa tonge moja moja katika vibakuli vidogo. Mhudumu husimama nyuma ya mgeni na sinia lake, na mgeni akimaliza tonge moja, hapo hapo hutupiwa jengine. Siku ya nyuma yake mama yule alikuwa kakwenda mwenyewe mkahawani kuwaomba wageni wake wapikiwe mchuzi mbali, usio na divai, na kuku aondolewe mezani, uwekwe uyoga. Tahani alilitafsiri hilo lote kwa baba yake.

"Vyema," alisema Yaqoob, kama mtu aliyerejeshewa kilicho chake.

"Baba, sasa nisikilize," Tahani alisema walipokwisha kukaa na kuvalishwa aproni. "Yule dada atakuwa nyuma yako. Ukimaliza anatia ingine, ukimaliza anatia ingine. Ukishiba, unafunika bakuli na hii kifuniko. Kama hujafunika, hasimami. Hii ndiyo aada yao, toka zamani. Umefahamu?"

"Hiki kifuniko," alisema Yaqoob.

"Naam?"

"Si 'hii kifuniko'. Hiki kifuniko. Na si 'ingine'. Nimekupeleka mbali, lugha ya bibi yako umeiacha wapi?"

Hicho ndicho alichokisikia katika maneno yote yale.

Wakaanza. Mhudumu alikuwa msichana mwenye mashavu mekundu, mwepesi wa mkono, na kila akitupia tonge alitoa ukelele wa furaha wa kumhimiza mgeni. Mwanzo Yaqoob alifurahi. Hapa, mwishowe, palikuwa na mtu aliyesimama kumhudumia, asiyengoja kuombwa, asiyeacha chombo cha mgeni kikae kitupu. "Huyu kalelewa," alimwambia mkewe, na Tahani akasikia, na uso wake ukakunjuka kwa mara ya kwanza tangu Tokyo.

Vibakuli vitupu vikapanda mbele yao. Bi Mahbouba akala kwa raha yake, akatazama tumbo lake, akachukua kifuniko, tap, akafunika. Msichana akainama, akaondoka nyuma yake. Profesa akafunika. Tahani akafunika.

Yaqoob naye alikuwa kashiba. Akaliinua bakuli lake kwa mkono wa kulia, akalitikisa. Kulia, kushoto, kidogo tu. Lilikuwa tikiso zuri. Watu wa Ibra wangelitambua kutoka upande wa pili wa barabara.

Msichana akaona bakuli limeinuliwa na linacheza. Akapiga ukelele, akatupia tonge.

Yaqoob akala, maana chakula kilichokwishatiwa hakiachwi. Akatikisa tena. Tonge. Akatikisa kwa nguvu kidogo. Matonge mawili.

"Bwana, funika," alisema Bi Mahbouba. Alikuwa katoa simu yake anamchukua picha ya video.

"Sifuniki. Nifunike chombo usoni mwa mtu anayenipakulia? Mimi?"

"Bakuli hilo, si jeneza. Funika!"

"Baba, tafadhali," Tahani alisema. "Hapa ukifunika ndiyo adabu. Yeye anangoja ufunike. Wallahi hajui hiyo yako."

"Adabu haina yao na yetu. Mtu mwenye adabu anaona mwenyewe." Na akatikisa.

Tonge.

Wateja wa meza nyengine wakageuka. Mtu wa makamo katika kilemba, jasho linamtiririka, bakuli linatetemeka hewani kama lina homa, na nyuma yake msichana anapiga kelele za kumshangilia kwa sababu hajapata kuhudumia mgeni mwenye hamu kiasi hicho. Vibakuli vilipopita mia, wahudumu wote wakaja wakapiga makofi, wakamletea kibao cha mbao cha kumpongeza. Profesa Oikawa peke yake hakupiga makofi. Alikuwa anamtazama Yaqoob rangi ya uso, na akamwambia msichana kitu kwa haraka. Msichana akasita. Lakini bakuli lilikuwa linatikisika bado, na mkono wake ulikwishazoea.

Tonge hilo ndilo lililorudi. Lilirudi na wenzake wengi, juu ya meza, juu ya mkeka, na juu ya magoti ya Profesa Oikawa.

Kilichofuata kinafaa kusimuliwa sawasawa, kwa kuwa baadaye kilikuja kusimuliwa kwa namna nyengine. Mama yule hakuinuka kujipangusa. Alipiga magoti, akamshika Yaqoob kichwa kwa mkono mmoja, akamfuta mdomo kwa kitambaa chake mwenyewe. Kisha akainama mpaka paji likagusa mkeka, akaomba radhi kwa kumlisha mgeni wake kupita kiasi. Msichana mhudumu alikuwa analia. Mwenye mkahawa alikuja naye akainama. Hakuna aliyecheka, wala aliyesema kwamba kifuniko kilikuwa pale pale kando ya mkono wa kulia wa mgeni, muda wote.

Daktari aliyeitwa usiku ule alimshauri ale kidogo kidogo. Yaqoob alimtazama kwa chuki, kwani hivyo ndivyo hasa alivyokula.

Asubuhi yake Profesa alileta uji wa mchele hotelini, kaupika mwenyewe, kautia katika chombo cha kuhifadhi moto, kauacha mapokezi akaenda zake ili mgonjwa asijione analazimika kuinuka kumpokea. Yaqoob aliunywa wote. Halafu akamwita binti yake.

"Huyu mwanamke ni mtu," alisema. "Kanisitiri. Kaa usome."

Tahani akaubusu mkono wake, wa kulia, na wa kushoto pia, akatoka mbio kwenda chuo kumpa mwalimu wake habari. Bi Mahbouba alisema baadaye kwamba katika ndoa yao yote hakuwahi kumpenda bwana yule kama alivyompenda wakati ule, akiwa na uji ndevuni.

Hapo ndipo Yaqoob akaiwasha simu yake.

Picha aliyoichukua Bi Mahbouba alikuwa kamtumia kaka yake kabla ya balaa, kwa mapenzi tu. Soud akaitia kwenye kundi la jamaa, kwa mapenzi yake na yeye. Usiku kucha watu wa Ibra, Sur na Nizwa walikuwa wanamtazama mwalimu wao wa adabu akitikisa bakuli na kutupiwa tambi, na mkewe nyuma anasema funika, si jeneza hilo.

"Shemeji," ilisema sauti ya Soud, huku anakohoa kwa kicheko, "hiyo ni kahawa au unapiga tari?"

"Kumbe huko hakutikiswi," aliandika mmoja.

"Kutikiswa kunatikiswa, lakini wanaongeza!" akajibu mwengine.

Kijana fulani wa Nizwa, mhandisi, ambaye dada yake alikuwamo kwenye kundi, alisemekana kaiona pia.

Kulikuwa na jawabu la neno moja: sikujua. Mtoto wa skuli hulisema mara kumi kwa siku na halimuui. Jamaa wangecheka mpaka Ijumaa, kisha wangempata wa kumcheka mwengine. Yaqoob akashika simu, akasafisha koo, akatuma sauti ndefu. Alisema watu wale wanajua vizuri kabisa mgeni akitikisa anataka nini, kwani mtu yeyote mwenye akili anajua. Alisema walifanya makusudi. Walimgeuza mgeni kichekesho cha mkahawa, wakampigia makofi mpaka akaumwa. Watu wasio na adabu, alisema, na msafiri mwenye heshima zake asikanyage huko kwa ajili ya kula.

Akaingia Zakariya, binamu yake, mtu mpole asiyejua kuchokoza, akauliza kwa nia safi kabisa: "Pole sana, ndugu yangu. Basi na mtoto wa kike ndiyo unamwacha kwa watu hao?"

Bi Mahbouba alilisikia swali hilo kutoka upande wa pili wa chumba.

"Futa," alisema. "Ifute hiyo sauti, sema hukujua desturi yao, tumalize."

"Mimi nisijue adabu?"

"Hukujua kufunika bakuli, Baba Shurooq. Bakuli!"

"Nikimwacha, watasema yale niliyosema si kweli."

"Na ni kweli?"

Yaqoob akaibonyeza simu. "Hapana, Zakariya," alisema. "Mtoto narudi naye."

Tahani naye alikuwamo kwenye kundi lile. Aliisikia sauti hiyo amesimama mbele ya Profesa Oikawa, aliyekuwa bado kamshika mikono kwa kumpongeza.

Alirudi hotelini kwa miguu. Hakulia mbele yao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Umeniambia kaa."

"Nilikuwa mgonjwa."

"Baba, uji aliupika nani?"

"Usinijibishe, Tahani."

Paspoti ilikuwa mkononi mwake na hakuna sheria iliyomzuia. Lakini alilelewa katika nyumba ambayo ridhaa ya mzazi haipitwi, na aliyemlea hivyo ndiye huyu aliyeitoa asubuhi na kuichukua kabla ya adhuhuri. Alikwenda kumwomba radhi mwalimu wake. Hakumwambia sababu, kwa hiyo Profesa Oikawa alidhani kosa ni lake, la kumlisha mgeni kupita kiasi, na akaomba radhi tena.

Wakarudi watatu. Ibra ilimpokea Yaqoob vizuri. Habari aliyoisimulia kwenye sabla, baraza la wanaume, ilikuwa nzuri kuliko picha, na watu wazima hawapendi kubishana na mtu mwenye kilemba kilichofungwa vizuri. Yeye bado anawaelekeza wasafiri wapi wasile.

Nafasi ile Profesa Oikawa alimpa mwanafunzi mwengine. Tahani yuko Nizwa, anafanya kazi katika ofisi ya kampuni moja ya magari, anapokea simu. Huja Ibra sikukuu mbili za mwaka, humwamkia baba yake, hukaa na mama yake jikoni, huondoka. Heshima ya Yaqoob bin Aflah ilibaki nzima. Imegharimu udaktari wa binti yake, na tangu Morioka binti huyo hajazungumza naye neno lolote baada ya shikamoo.